Mzee Kyule na Ngozi ya Kitunguu

Kila siku ya somo la seli, Kyule alipita asubuhi kwenye kibanda cha Salme pale Mbotela, akachagua vitunguu vitatu vikubwa, vigumu, visivyochipua.

"Vitatu kwa mtu mmoja?" Salme alimtania. "Mzee, umemficha wapi bibi mpya?"

"Hivi si vya kuliwa, mama. Ni vya kuchunguliwa."

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza maabara wa shule ya wasichana karibu na Jogoo Road. Alikata kitunguu, akavunja gamba moja kwa kulikunja nyuma, na pale lilipovunjika akabandua utando mwembamba, laini, usio na rangi. Aliulaza kwenye tone la maji juu ya kioo, akadondoshea iodini, kisha akaufunika kwa kioo chembamba, akikishusha polepole kwa upande ili hewa isinaswe. Kiputo cha hewa kimewaponza wengi. Huonekana kama duara jeusi, na mwanafunzi hukichora akidhani ni seli.

Tangu mwaka uliopita presha ya macho ilikuwa ikimmaliza. Ulianza ukungu pembeni. Sasa hata kilichokuwa mbele yake kilikuwa kivuli. Hakumwambia mtu. Vidole viliijua kazi, na aliogopa jambo moja tu, kunyang'anywa ufunguo wa maabara. Mkewe, Ndete, alikuwa amefariki. Nyumbani hapakuwa na wa kumwita kwa jina.

Alhamisi moja mwanafunzi aitwaye Jannat alimwita kwenye hadubini yake.

"Mzee, hebu niangalizie. Iko sawa?"

Kyule aliinama, akaweka jicho.

"Safi sana," akasema, darasa zima lisikie. "Ona zilivyopangana kama matofali. Kila seli na ukuta wake. Na kile kidoa cha kahawia ndicho kiini. Chora hicho."

Jannat alisita. "Lakini mzee... bado sijaweka kioo. Nilikuwa nauliza kuhusu mwanga."

"Wah! Mzee ameona seli za hewa!" Adhiambo akacheka kutoka nyuma. Kisha akauona uso wa mzee, akaziba mdomo.

Mwalimu Wavinya, ambaye enzi za usichana wake alifundishwa na Kyule huyu huyu kushika kibano, aliwarudisha wasichana kwenye kazi yao. Alingoja kengele ilie na wasichana watoke.

"Tangu lini, mzee?"

"Mwaka jana. Kabla ya mitihani."

"Na hukuniambia? Mimi?"

"Ungefanya nini, mwanangu? Ungenihurumia."

Wavinya alifuta macho kwa kiganja. "Mkuu wa shule lazima ajue. Kuna asidi humu ndani. Kuna watoto."

"Nitamwambia mwenyewe." Akasukuma mbele kioo alichokitengeneza asubuhi. "Lakini kwanza niangalizie hiki. Utando umejikunja?"

Wavinya akakiweka chini ya hadubini, akainama. "Haujajikunja hata kidogo. Hakuna kiputo."

"Na viini?"

"Vyote vinaonekana, mzee."

Kyule akaitikia kwa kichwa. Alivua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari wake, na ufunguo akauacha mfukoni mwa koti.

Jioni alitembea taratibu hadi kibandani, mkono mmoja ukipapasa uzio.

"Wiki ijayo tena vitatu, mzee?" Salme akauliza. "Nikuwekee vile vikubwa?"

"Nipe kimoja tu," akasema. "Chochote. Ni cha mchuzi."