Diski Iliyopewa Jina la Mkwe

Naomi alikuwa mtunza sauti wa redio moja ya jamii pale Kyela mjini, na kama ungemuuliza ni kitu gani kitamtoa roho kabla ya siku zake, asingetaja malaria wala barabara ya Ngana wakati wa masika. Angetaja seva. Sanduku lile jeusi, lililokalishwa juu ya kreti la soda, ndilo lililobeba sauti zote za redio: kwaya, sherehe, wazee wakisimulia mambo ya kale. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, moja ya kazi na moja ya nakala, na kila Ijumaa Naomi aliifuta ile ya nakala na kuijaza upya.

Ingekuwa kazi nyepesi, laiti diski zingekubali kuitwa jina moja. Mfumo wa seva ile ulizibatiza kwa zamu ya kuamka: iliyowahi kuamka umeme ukiwashwa iliitwa sda, iliyochelewa ikaitwa sdb. Sasa Kyela mvua ikinyesha umeme unakatika, na Kyela mvua hainyeshi kwa kuombwa. Umeme ukirudi, sda ya jana imekuwa sdb ya leo. Mtu mzima na akili zake anabaki kukodolea kioo macho, akijiuliza nani ni nani.

Fundi Ahmada, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, alichoka kupigiwa simu. Akaja na dawa, akamwambia Naomi:

“Mama Kisa, haya majina ya zamu tuyaache. Kila diski naiandikia jina lake ndani yake yenyewe. Hata umeme ukatike mara ngapi, jina halihami. Wewe andika jina tu, mashine itaitafuta ilipo.”

“Ndaga fijo, fundi,” alisema Naomi, na alimshukuru kwa moyo wote.

Hapo ndipo alipoingia meneja. Jubilate alikuwa mtu mwema kutoka Kilimanjaro, tatizo wema wake ulikuwa na haraka. Diski ya kazi, alisema, iitwe KYELA. Na ile ya nakala, kwa kuwa ndiyo mlinzi wetu, iitwe ANYITIKE, kumuenzi mzee aliyetoa kiwanja cha redio. Akapiga makofi peke yake.

Mzee Anyitike alikuwa baba mkwe wa Naomi.

Kwa Wanyakyusa wa kwao Naomi, mwanamke hamtaji baba mkwe kwa jina, wala hamtazami usoni. Wapo wasichana wa siku hizi walioyatupa hayo, lakini Naomi hakuwa mmoja wao. Tangu aolewe kijijini Ngana, mzee akipita yeye huinama pembeni na kugeuza uso, na neno lolote baina yao hupitia kwa mama mkwe. Leo aambiwe kila Ijumaa aandike amri ya kufuta, na mbele ya amri hiyo aweke jina la mzee! Kumtaja tu ni kosa. Kumtaja huku unamfuta, hilo sijui liitweje.

Ahmada, aliyezaliwa Kyela hapo hapo, alimwona uso ulivyobadilika, akasubiri meneja atoke.

“Kuandika si kutaja, Mama Kisa. Mashine haina mkwe.”

“Mimi ninaye.”

“Basi mwambie meneja alibadilishe.”

“Nimwambie nini? Kwamba sitaki mzee apewe heshima?”

Ahmada akashika kichwa, na majina yakabaki yalivyo. Naomi naye akafanya lake. Alirudia sda na sdb kimyakimya, kila mara akifungua diski kwanza na kuchungulia kilichomo kabla ya kufuta. Mambo yakaenda. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua.

Wiki moja Jubilate alirudi kutoka Ngana akicheka mwenyewe. Mzee Anyitike, aliyekuwa akikwepa kipaza sauti miaka yote, alikuwa amekubali kusimulia jinsi mto Songwe ulivyohama na kuyaacha mashamba ya watu ng'ambo, Malawi. Kifua kilimbana muda wote, lakini alimaliza. Naomi aliiingiza sauti ile kwenye seva, akavaa hedifoni, akasikiliza kidogo tu. Hakuwahi kumsikia mzee akizungumza kwa kirefu. Akajiahidi kwamba akimaliza nakala ya Ijumaa atakaa aisikilize yote, mwanzo hadi mwisho.

Ijumaa akachungulia diski, zote sawa. Radi ikapiga, umeme ukakatika, akaenda kunywa chai. Umeme uliporudi hakuchungulia tena, si alishachungulia? Akaifuta sdb, akanakili, akavaa hedifoni. Mzee hakuwemo.

Alikuwa ameifuta diski ya kazi, kisha akaijaza nakala ya wiki iliyopita. Diski zote mbili sasa zilifanana, na hakuna hata moja iliyojua habari za mto Songwe. Kinasa sauti cha meneja nacho kilikuwa kimeshafutwa kupisha harusi.

“Jina lingekuokoa!” Ahmada alifoka alipofika na kukuta hakuna la kufanya. “Jina tu, dada yangu!”

Naomi alijichukia, akaichukia seva, akamchukia na Jubilate na makofi yake.

Kesho yake alikwenda Ngana, akakaa na mama mkwe wakimenya ndizi kando ya ukuta wa nyumba, akamweleza yote, pamoja na hilo la jina. Ndani ya nyumba mtu alikohoa.

“Usitegemee atarudia,” alisema mama. “Kifua chake hakiwezi tena maneno marefu.”

Siku chache baadaye Jubilate aliitwa Ngana. Alirudi na kipande kifupi cha sauti. “Amesema ni ya mtunza sauti,” alisema, akamwachia.

Naomi akavaa hedifoni. Kwanza alisikia pumzi tu, nzito.

“Mke wa mwanangu. Habari za mto wataeleza wengine. Mimi ni Anyitike. Nimelitaja mwenyewe, usiliogope. Ukitakiwa kunifuta, nifute. Ila usisahau kunirudisha.”

Basi. Tangu aolewe, hayo ndiyo maneno ya kwanza mzee kumwambia yeye. Naomi alilia hadharani bila kujali nani anamwona, na Ahmada, aliyekuja kuangalia betri, ilibidi asubiri.

“Sasa ruhusa si hiyo hapo?” alisema hatimaye. “Andika basi, Mama Kisa, tupumzike.”

Naomi aliweka vidole juu ya kibodi. Vikakaa pale pale: mzee aliyemheshimu hivyo angemfutaje? Akaviondoa, akajifuta uso kwa khanga.

“Badilisha jina, fundi. Meneja nitamwambia mwenyewe.”

“Lakini mzee amekuruhusu! Kwa mdomo wake!”

“Ameniruhusu,” alisema Naomi, akiinuka kwenda kwa meneja. “Ndiyo maana siwezi.”