Kitambaa Cheupe cha Marcelline

Marcelline alikuja Johannesburg kutoka Likasi, Kongo, na watoto wawili na sufuria moja. Mume alibaki njiani, Lusaka, akaoa huko. Hilo Marcelline hulisema kama mtu anayetaja kituo cha basi. Tumekaa naye ghorofa moja, mtaa wa Berea, miaka kumi na moja. Chumba chake amekigawa kwa pazia. Jumapili alivaa kitambaa cheupe kichwani, maana kanisani kwetu Yeoville ndiye alikuwa mama wa meza: anafua nguo ya meza ya Bwana, anachemsha zabibu kavu zitoe maji ya kikombe, maana kwetu divai haiguswi, anaandaa mkate. Wanawake wanne walishika kazi hiyo kabla yake. Hakuna aliyejua zabibu kama yeye.

Siku nyingine za wiki alikuwa kazini kwa Alexis, Mhispania mwenye mkahawa karibu na robot, taa za barabarani. Watu wa mtaa wanapapenda mahali pale, Ijumaa kiti hupati. Wanauza tapas, chakula cha visahani vidogovidogo, na sangria, divai nyekundu iliyolowekwa matunda. Sangria ilikuwa kazi ya Marcelline.

Mwaka 2017, wiki chache kabla ya Pasaka, mtu akampelekea Pasta Lambert maneno kwamba mama wa meza anatengeneza pombe. Pasta akatutuma tukaone, mimi na Baba Damien, mzee wa kanisa. Ikiwa kweli, kitambaa kinavuliwa. Mimi niliishia darasa la pili, kuandika kwangu ni kwa shida, lakini macho ninayo.

Tukaenda mchana. Mussa, Mtanzania anayehudumu pale, akatuketisha dirishani. Akaleta zeituni. Akaleta viazi vya mchuzi mwekundu. Akaleta kipande cha kimanda cha viazi, cha baridi. Baba Damien akavila vyote akidhani tunaonjeshwa, kisha akakunja mikono ya shati.

"Kijana, sasa leta chakula."

"Mzee, ndicho hicho."

"Ndicho hicho nini?"

"Chakula. Umekimaliza."

"Eish! Na bukari? Ugali uko wapi?"

Mussa akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, nilikuwa na kazi ya watu. Nikaingia jikoni.

Marcelline alikuwa anakata machungwa, vipande vyote unene mmoja. Aliniona, hakuacha kisu.

"Mama, umetumwa."

"Nimetumwa."

"Basi tazama vizuri, usije ukasimulia ya kuambiwa."

Akamimina divai kwenye jagi kubwa, akatia sukari, mdalasini, machungwa. Akainama, akanusa, akaongeza limau. Hakuonja.

"Unajuaje imekolea?"

"Nanusa. Kama ninavyonusa zabibu zenu."

"Nani anaonja?"

"Alexis. Mussa ni wa msikiti, yeye hanywi. Mimi naitengeneza, yeye anaibeba, mtaa mzima wanaisifu, na sisi wawili hatujui ladha yake."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, nikasema: anaitengeneza, haonji. Sikuongeza, sikupunguza. Pasta akasema mkono unaoshika pombe haushiki meza ya Bwana, achague. Watu wakanitazama kana kwamba nina neno jingine. Nikakaa.

Marcelline hakulia. Alifungua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka mezani. "Watoto wangu wanakula kwa mkono huuhuu," akasema, akaenda kukaa benchi ya nyuma, wanapokaa waliotengwa.

Murielle, mke wa Pasta, akashika kazi. Jumapili ya kwanza zabibu ziliungua, kikombe kikanuka moshi. Ya pili maji yakawa mepesi kama ya kusuuzia sufuria. Alhamisi kabla ya Pasaka, Pasta akagonga mlango wangu.

"Mama, mwambie Marcelline atuchemshie. Nyumbani kwake tu, kimyakimya."

"Miguu unayo, Pasta. Mimi nilitumwa mara moja, inatosha."

Akaenda. Nikamfuata, sikutaka kusimuliwa. Alisimama mlango wa jikoni kwa Alexis, kofia mkononi. Marcelline hakuacha machungwa yake.

"Zabibu nitachemsha," akasema. "Lakini kitambaa mtanirudishia palepale, watu wakiwepo. Na Jumatatu naingia kazini hapa."

Pasta akalitazama jagi. "Mbele ya watu?"

"Nilikivua mbele ya watu."

Jumapili ya Pasaka Pasta akakitoa kitambaa mfukoni mwa koti, kimekunjamana kama karatasi ya maandazi. Marcelline akakipokea, akakigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Kwanza kipigwe pasi."

Murielle akatoka kuomba pasi kwa jirani. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa, harufu yake nzuri imefika mpaka benchi ya nyuma, na kanisa zima tukangoja, pamoja na Pasta. Kitambaa kilipoletwa bado kilikuwa na joto. Akakifunga kichwani, taratibu, fundo nyuma, ndipo akaenda kuchukua mkate.