Mgombea Aliyeomba Asichaguliwe

Raymonde Delattre, mjane wa mchimba makaa, hakuwahi kugombea hata uongozi wa kwaya. Basi siku ile ya Machi alipofungua bahasha ya uchaguzi wa mji wao mdogo, kaskazini mwa Ufaransa, alilikuta jina lake, la kumi na mbili, katika orodha ya chama cha mrengo mkali wa kulia.

Juu ya orodha waliandika: "Wageni warudi kwao." Na mgeni wa karibu kabisa, kwa akili za watu hao, alikuwa Ouardia wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Algeria. Waume zao walichimba shimo moja miaka ishirini, vumbi lile lile likawaua wote wawili. Tangu hapo wajane hao walikunywa kahawa pamoja kila alasiri. Bahasha ilikuwa imefika kila nyumba: siku ile Ouardia hakuja, wala kesho yake.

Kilichomponza ni sifa. Januari alikuja kijana mtanashati, akasifu keki yake ya sukari, akala vipande viwili, kisha akamfanya atie sahihi karatasi "ya kudai duka la dawa lisifungwe". Akaondoka na nakala ya kitambulisho pia. Raymonde, kichwa kimemvimba kwa kusifiwa, hakusoma hata mstari.

Alikwenda mbio ofisi ya mji.

"Muda wa kujitoa umepita, mama," karani akamwambia. "Orodha ikishinda, wewe ni diwani."

"Basi ngoja nifanye kampeni!"

Akavaa koti la kanisani, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. "Jirani, nimekuja kuomba kura. Naomba usinipe!" Wengi walicheka. Fiévet, fundi bomba mstaafu, hakucheka.

"Mimi nawapa hao hao, Raymonde. Mji umeoza, na nani mwingine anatusikiliza?"

Maneno hayo yalimuuma, kwa sababu Fiévet alikuwa mtu mwema. Mlango wa Ouardia aliupita mara nne, aibu ikamshinda.

Jumapili jioni kura zilihesabiwa shuleni, watu wamejaa ukumbini. Orodha ya meya, mia tano tisini na nane. Orodha ya akina Raymonde, mia nne na mbili: viti vinne tu. Mia nne na mbili, na wengi wao aliwajua kwa majina! Lakini yeye hakuwamo. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akapiga makofi peke yake.

"Sijapata kuona mgombea anashangilia kushindwa," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Ouardia, amekunja mikono. "Na mlango wangu je?"

"Niliona haya, shoga."

"Wiki nzima nakusikia! Umegonga kwa Fiévet, umegonga kwa padri, hadi kwa wale wenye mbwa. Nikasema, sasa zamu yangu. Kumbe mwenzangu unaniogopa mimi kuliko mbwa!"

Raymonde akaanza kulia mbele za watu. "Ningekwambia nini?"

"Ungepiga hodi tu," Ouardia akasema, naye machozi yanamtoka. "Mengine ningesema mimi."