Finjani Sita na Eksozi ya Gari ya Baba

Mama alitoa hukumu yake Jumamosi, mbele ya kaka yangu mkubwa aliyekuja kututazama kutoka Nizwa.

"Ijumaa nakwenda Sur kwa dada yangu, kwa gari ya baba yenu. Nikifika bila ya kukohoa, gari inabaki. Nikikohoa, iuzwe, na mtu asinililie."

"Mimi mtu wa kuinunua ninaye, yuko Bidbid," kaka alisema, akanitazama. "Mwambie mama kweli, bwana fundi. Hiyo gari au jiko la kuni?"

Gari ilikuwa ya marehemu baba, ya zamani, gia za mkono, injini yake ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Tangu baba afariki ninaiendesha mimi, na ningeitunza hadi mwisho wa umri wangu kama si kasoro moja. Eksozi ya juu, kile chuma kizito kinachopokea moshi wa silinda zote sita, ilikuwa imepasuka. Niliipeleka ikachomelewa mara mbili, na mara mbili ikapasuka tena pembeni ya pale palipochomelewa. Moshi ulipenya ndani kwa chini ya dashibodi. Mama ana pumu. Mwaka mzima hakuipanda.

Chuma cha asili hakitengenezwi tena. Kilichopatikana ni kile ambacho vijana wa hapa wanakiita hedarzi: mabomba sita yaliyopindwa, kila silinda na bomba lake, yanayokutana chini ya gari kuwa moja. Wanaoyanunua ni wale wanaopandisha magari kwenye milima ya mchanga kule Bidiya, kwa kuwa injini hutoa moshi kwa wepesi na kupata nguvu. Mimi sikutaka nguvu. Nilitaka chuma kisicho na ufa.

Mama aliyakuta nimeyalaza barazani juu ya mkeka.

"Haya si ya wale wahuni wa mchangani?"

"Ndiyo, mama. Lakini sailensa ya nyuma ni ile ile. Hutasikia kelele."

"Nitasikia au sitasikia, nitakwambia mimi."

Sikusomea ufundi. Kazi yangu ni ya ofisini, na yote ninayoyajua kuhusu injini nimeyatoa kwenye vitabu vya fundi nilivyovisoma na kamusi pembeni. Kwa hivyo nina tabia za mtu aliyejifunza peke yake: sifungui nati kabla ya kuiandika, na silazimishi kitu ambacho sijakipima. Jumapili hadi Jumanne, kila nikitoka kazini, nilikuwa nikilegeza kutu. Jumatano nilitoa chuma cha zamani bila ya kuvunja bolti hata moja, na hilo lilinifurahisha kuliko ninavyopaswa kukiri.

Tatizo lilijitokeza nilipojaribu kuyaweka mabomba mapya. Katika injini hii, njia ya kuingizia hewa na njia ya kutolea moshi ziko upande mmoja, na zinabanwa na bolti zile zile. Kwenye kila bolti, washa moja nene, kile kipete cha chini ya nati, hukanyaga bamba la njia ya hewa kwa nusu yake na bamba la njia ya moshi kwa nusu nyingine. Bamba la mabomba mapya lilikuwa jembamba kuliko la zamani. Washa ingebana upande wa hewa tu, na upande wa moshi ungebaki unapumua. Kibaya zaidi, tofauti haikuwa sawa kila mahali, maana bamba la hewa lilikuwa limesagwa vibaya na fundi fulani zamani.

Basi nilikata vipande sita vya chuma, nusu mwezi kila kimoja, nikavisugua kwa tupa hadi kila kimoja kikajaza pengo la bolti yake. Ilinichukua jioni ya Jumatano na Alkhamisi tangu nitoke kazini hadi alasiri. Ili nisivichanganye, nilichukua finjani sita za kahawa, zile kongwe za kwenye rafu ya chini jikoni, nikazipanga barazani juu ya karatasi ndefu. Kwenye karatasi, chini ya kila finjani, niliandika namba. Kila kipande ndani ya finjani yake. Nilisimama nikautazama mpango huo na nikaridhika nao sana.

Hapo akaingia jirani yetu na nduguye, waliokuwa wamerudi safari kutoka Al Kamil.

Kwetu mgeni haambiwi "nina kazi." Nilinawa mikono, nikabadilisha kanzu, nikawaingiza sebuleni, tukaanza salamu kwa mpangilio wake: hali, afya, watoto, ndugu, khabari za huko watokako. Mama akaleta tende, kisha dele la kahawa na finjani kwenye sinia. Nikammiminia jirani, naye akaiinua anywe.

Finjani iliyokuwa mdomoni mwake ilikuwa na pengo dogo kwenye ukingo, upande wa kulia. Nililijua pengo lile. Ilikuwa namba tatu.

Mgeni akitosheka hutikisa finjani, nawe unaipokea. Siku ile hawakutikisa mapema. Nilimimina, nikamimina tena, nikasikiliza bei ya mbuzi wa Al Kamil tangu mwanzo wake, na sikuweza kuinuka. Walipoondoka nilikwenda jikoni mbio.

"Mama, vile vyuma vilivyokuwa ndani ya finjani viko wapi?"

"Nimevitia bakulini, vyote. Havikupotea hata kimoja." Akanionyesha, tena kwa fahari. "Finjani zangu nzuri ziko kwa jirani tangu arusi yao. Ningewapa wageni kahawa kwenye nini, viganjani?"

Nilimweleza. Nilimweleza pole pole, kwa sababu hakukosea yeye. Namba nilipaswa kuikwaruza kwenye chuma chenyewe, si kuiandika kwenye karatasi. Mama alitoa kipande kimoja bakulini.

"Kumbe gari nimeiuza mwenyewe," alisema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hukumu ile hakuitoa kwa kuichukia gari. Alikuwa amechoka kuitazama imesimama uani bila ya yeye kuweza kuipanda.

"Haijauzwa bado," nilimwambia.

Ijumaa baada ya sala ya alfajiri alikuja uani na kiti chake. Nilipima kila pengo upya, nikalinganisha kila kipande, na kila nilipopata jawabu nilikwaruza namba kwa msumari nikampa ashike.

"Cha nne."

"Cha nne hiki. Usikaze kwa hasira, baba yako alikuwa akikaza kwa hasira."

Nilikaza kutoka katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu. Nikawasha. Nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kabla hakijapata moto, nikatazama: hapakutoka povu. Nikaweka mrija mrefu wa mpira sikioni, nikapitisha ncha yake bomba kwa bomba. Namba tatu ilikuwa kimya kama nyingine.

Baada ya sala ya Ijumaa tulitoka, mama mbele, kaka nyuma kama shahidi. Injini ilikuwa na sauti nzito kidogo kuliko zamani, sauti ya kifuani. Tulipita Al Qabil, mama amefunga kioo na amenyoosha pua. Kaka alikuwa akihesabu vilima.

"Mama, hukohoi?"

"Ukinisemesha nitakohoa."

Kufika Al Kamil alikuwa amelala, mdomo wazi, anapumua vizuri. Kaka aliinama mbele akaninong'oneza, "Nitampigia yule wa Bidbid nimwambie haiuzwi," nami nikapunguza mwendo ili mama asiamke.

Sur, khalati, yule dada yake mama, alitupokea mlangoni. Shikamoo, marahaba, tukaketi, kahawa ikaja. Mama alipokea finjani yake, lakini kabla ya kumiminiwa aliinamisha uso akaichungulia ndani, akaigeuza juu chini, akaipiga kidogo kwenye kiganja.

"Unatafuta nini humo?" khalati aliuliza.

"Gari ya mume wangu," mama alisema, akanyoosha mkono amiminiwe.