Kadi Isiyo na Betri

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake. Ni harufu ya kutu na gundi iliyopata moto, na kwa mbali kitu kikali kinachochoma puani. Mtu aliyekulia Mirongo miaka ile ya tisini hahitaji kuelezwa. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na jiwe, maana Mwanza mawe hayatafutwi, na jua likishapanda, juu ya jiwe palikuwa na betri zimelazwa kwa mistari: za redio, za tochi, za saa ya ukutani. Zikichoka zilianikwa, zikipata joto zilirudishwa, na redio ikazungumza tena hadi taarifa ya habari ya jioni. Zikigoma kabisa ziling'atwa kwa meno, halafu zikaanikwa mara ya mwisho. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo tulivyoishi. Lakini harufu hiyo ikinifikia leo mimi hugeuza njia, kwa sababu ya msimu mmoja wa mvua ambao nyumba yetu nzima iliishi kwa kuogopa betri.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa katika chama kimoja cha ushirika wa pamba. Mambo ya biashara huria yalipoingia na vyama vikaanza kuyumba, watu walipunguzwa kazi, naye akawemo. Waliitwa ofisini mmoja mmoja. Meneja alimwambia kwamba wanaobaki ni wale wasiokosea. Mama alirudi nyumbani na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake cha chai na khanga aliyokuwa akijifunika magotini kazini, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na tangu hapo nikitoka shule nilimkuta pale pale, anaangalia ukuta wa jirani. Ukimsalimu anaitika, chakula anapika, ila mwenyewe kama hayupo. Baba alikuwa machimboni Geita na barua zake zilikuwa zimeanza kuwa chache. Nilikuwa na miaka kama kumi, na mambo ya kuogopa hayakunipungukia, lakini sikuogopa kitu kama nilivyomwogopa mama yule wa kizingitini.

Kazi ya pili ilimjia kupitia kanisani. Mzungu mmoja mtafiti, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Samaki, alikuwa anatafuta mtu makini anayejua kuchapa, aende mwaloni kila asubuhi mitumbwi inapotia nanga, awapime sangara: urefu, uzito, na kilichomo tumboni. Watu waliomtangulia mama waliandika kwenye karatasi, na karatasi zikaloa zikaoza. Kwa hiyo mama alikabidhiwa kompyuta ya mkononi. Ilikuwa ndogo kama kasha la miwani, ukiifungua ina vitufe upande mmoja na kioo cha kijivu upande wa pili, na aliichapa ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isiguswe na maji ya samaki. Palikuwa na sehemu ya maelezo, mahali pa kuandika lolote aliloliona, na mama aliipenda kuliko zote. Jioni alinisomea: jike mkubwa, mayai tele, tumboni mna dagaa na mtoto wa sangara mwenziwe. Alinuka samaki hadi kwenye nywele, na alikuwa anacheka.

Kabla Bwana Samaki hajarudi kwao, alimweleza mama jambo moja ambalo liliharibu usingizi wetu. Mashine ile ilikumbuka mambo mradi ina umeme. Ilitumia betri mbili ndogo, kama zile za redio ya mfukoni, na ndani kabisa palikuwa na betri ya saa, bapa kama kifungo cha koti, ya kuishikilia wakati zile mbili zinabadilishwa. Zote zikifa kwa pamoja, kila kilichoandikwa kinafutika, na hakuna fundi wa kukirudisha. Yeye angerejea baada ya mvua za masika kuchukua kazi yote. Mama aliitikia kwa sauti ndogo. Tangu siku hiyo mashine ililala sandukuni, imefungwa kwenye ile khanga ya ofisini, na kila jioni mama aliitoa kuangalia kama bado ni nzima. Akiwa anaifungua, mimi nilikuwa siwezi hata kutafuna.

Kisha ikajaa. Kioo kilianza kutoa onyo kwamba nafasi inakwisha, na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mama alikwenda posta kupiga simu ya nje, akarudi amekunja uso. Bwana Samaki alikuwa amesema anunue kadi ya kumbukumbu, kitu cha kuchomeka ubavuni mwa mashine ili ipate mahali pengine pa kuhifadhi. Kulikuwa na aina mbili, zote zinaingia, naye alikwishazungumza na mwenye duka mmoja wa vifaa vya ofisi, Bwana Pravin, aziagize. Kuhusu aina gani alisema tu, chagua wewe. Mama aliyarudia maneno hayo mbele ya bibi, mama yake aliyekuwa amekuja kutoka Usagara kukaa nasi wakati wa mvua, kana kwamba ni mashtaka. Angeamriwa angetii. Kuchagua kulikuwa na maana kwamba kosa likitokea lina mwenyewe.

Nilikwenda naye dukani. Bwana Pravin aliziweka kadi mbili juu ya kitambaa, kama mtu anayeuza pete. Moja ilikuwa pana na nene, na pembeni mwake palikuwa na kijimlango cha betri ya saa, yake yenyewe. Hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa masika yote na ziada. Ya pili ilikuwa ndogo, nusu ya kiberiti, ikiingia kwanza kwenye kitako chake ndipo ichomekwe. Haikuwa na betri kabisa, kilichoandikwa humo kinabaki hata ukiiacha kabatini, ila nafasi yake ilikuwa nusu ya mwenzake. Mwenye duka alimshauri achukue kubwa. Betri yake hudumu mwaka, alisema, na ikichoka mashine itatoa taarifa. Mama aliuliza betri hiyo inapatikana wapi hapa mjini. Akajibiwa kwamba itaagizwa Nairobi. Aliuliza pia kama kadi ikishindikana inarudishwa, na jibu la hilo alilijua. Akaomba awekewe zote mbili hadi Jumamosi.

Wiki ile nyumba haikukalika. Mama alipanga hesabu kichwani akiwa anachambua mchele: akichukua ndogo itajaa kabla Bwana Samaki hajafika, na samaki watakaobaki hawatakuwa na pa kuwekwa, akichukua kubwa, atakuwa amehamisha kazi yote kutoka betri moja kwenda nyingine. Aliniuliza hata mimi. Nikasema kubwa, kwa sababu mtoto husema kubwa. Bibi hakuulizwa, lakini alimtazama mwanawe kila jioni akiinama juu ya kile kidude na kuzigusa betri zake kwa wasiwasi. Bibi alikuwa mtu wa kusaidia. Hakuweza kuona tatizo likakaa mbele yake bila kuliinukia.

Siku hiyo jua lilitoka baada ya kunyesha tangu asubuhi. Nilitoka shule nikapitia nyuma ya nyumba, nikaiona mistari juu ya jiwe: betri kubwa za redio, mbili za tochi, na mwishoni mbili ndogo zenye mkanda wa shaba. Nilizijua. Bibi alikuwa kwenye kigoda kando ya jiwe, anabangua karanga, ametulia kabisa. Nikamuuliza hizi ndogo amezitoa wapi.

"Kwenye kile kiledio cha mama yako," akasema. "Naona kila siku kinamsumbua. Nimemwanikia."

Nilisimama pale nikisubiri mama aje, na nilitamani asije. Alipofika aliliona jiwe kabla hajatua kikapu. Hakupiga kelele. Alizichukua zile betri mbili, zilikuwa za moto, akazifuta kwa upindo wa khanga, akaingia ndani nasi tukamfuata. Ilibidi ajaribu mara kadhaa ndipo zikae. Akabonyeza. Kioo kilibaki kijivu, kikabaki kijivu, na mimi nikaanza kulia kimya kimya nikiwaza kizingiti. Halafu herufi zikaja. Samaki walikuwapo wote. Ila chini yao palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza ambao mama aliusoma mara mbili: betri ile ya ndani, iliyoishikilia kazi mchana ule peke yake, ilikuwa karibu kwisha. Mama akaketi sakafuni. Bibi akauliza amekosa nini, na mama akamwambia hajakosa kitu. Ilikuwa kweli. Nani aliwahi kuona betri zisizoanikwa?

Jumamosi tulirudi dukani. Mama hakuomba hata kuonyeshwa tena.

"Nipe isiyo na betri," alisema.

Bwana Pravin alimkumbusha kwa upole kwamba ile itajaa mapema, na kwamba kubwa ndiyo wanayonunua watu wa miradi. Alikuwa anamtakia mema.

"Kwangu betri ni ya nyumba nzima, Bwana Pravin. Nipe ambayo haiwezi kuanikwa."

Aliagiza pia betri ya saa ya kuwekwa ndani ya mashine, ambayo kila tulipoiulizia ilikuwa njiani. Na ili kazi ienee kwenye kadi, mama aliketi mezani akaanza kufuta maelezo. Tarakimu alizihifadhi, maneno akayaondoa: yale mayai tele, wale dagaa, yule jike aliyekuwa na ndoana ya zamani imeota ndani ya taya. Hakunisomea tena jioni. Alisema wanachotaka ni urefu na uzito. Kila alipomaliza wiki moja aliinakili kwenye kadi, akaichomoa, akaitia kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, mbali na mikono ya bibi na mbali na yangu.

Mwezi wa nne, asubuhi ya mvua kubwa, alikuwa anabadilisha zile betri mbili kwa mpya kabisa, za dukani. Alitoa, akaweka, upesi kuliko kawaida. Mashine ikawaka na kumuuliza leo ni tarehe ngapi, kama mgonjwa aliyezinduka asijue alipo. Betri ya ndani ilikuwa imekata roho. Samaki hawakuwapo, hata mmoja. Nilisubiri mama achukue kopo, lakini hakulichukua. Alipika uji. Aliniambia ninywe, akamwekea bibi wake, akaosha sufuria, akafuta meza mahali palipokuwa pakavu. Nilielewa kwamba anaogopa kujua. Kama kadi nayo ni tupu, basi ni kadi aliyoichagua yeye, akashauriwa asiichague. Mwishowe alilishusha kopo, akaichomeka kadi kwenye kitako chake na kitako kwenye mashine, akafumba macho wakati kioo kinafikiri. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nikamwambia, mama, wapo. Alizisoma tarehe zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita majina darasani, na kila tarehe iliitika.

Bwana Samaki alirudi mvua zilipokwisha. Aliitia kadi kwenye kompyuta yake kubwa, na msimu wetu wote wa hofu ukahamia humo kabla chai aliyowekewa haijapoa. Alimsifu mama sana. Maelezo hakuyaulizia. Kisha akasema kwamba kwao samaki wa huku hawanunuliwi tena kama zamani, na mradi umefungwa. Alichukua mashine, kadi na mfuko wake wa nailoni, akampa mama mkono, akaondoka. Mimi nilikimbia nyuma ya nyumba kukikalia kizingiti, ili mama akija akikute kimejaa. Hakuja. Alikuwa chumbani anatafuta nguo ya kwenda nayo mjini kuulizia kazi nyingine.

Siku hizi kadi za kumbukumbu ni ndogo kama ukucha, vijana wanazitembeza mtaani pamoja na soksi, na hakuna anayeuliza ipi itaishi. Simu ya binti yangu ilitumbukia ziwani mwaka jana, na picha zake zote, na hakutoa hata chozi. Aliniambia ziko juu, mama, huko mtandaoni, akapewa simu nyingine na kila kitu kikashuka. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwonea wivu kidogo. Mimi ninafanya kazi ya mkataba, na kila unapokaribia kwisha bado siwezi kutafuna vizuri. Vitu vimejifunza kukumbuka vyenyewe, lakini kazi zimebaki vile vile, za kukatika. Jumapili moja, nyumbani kwa mama, huko Kiseke, nilimuuliza kwa nini aliogopa vile kwa ajili ya kazi ya msimu mmoja tu. Alikuwa amezeeka, lakini hakusita hata kidogo.

"Kazi ingeisha tu, Kabula, nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopa iishe kwa kosa langu, halafu na wewe uamini aliyoyasema yule meneja."