Fimbo Chini ya Jicho la Kushoto

Likizo hii niliporudi Bukiriro kutoka shuleni nilimkuta shangazi ameanika mihogo juu ya meza ya puli. Kile kitambaa cha kijani hakipo tena, panya na jua wamegawana, na mashimo yote sita ameyaziba kwa majani makavu ya mgomba ili vipande visidondoke. Nikasimama pale namsaidia kugeuza mihogo, wala sikusema kitu. Unanijua, mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Nikiwa na neno huwa naliandika, na hili nimekaa nalo tangu niko darasa la tatu.

Miaka ile kambi ya wakimbizi ilikuwa haijafungwa. Asubuhi ukitoka nje uliona moshi wake umelala bondeni kama ukungu wa pili. Siku za gulio wanawake wa kambini walipanda na mafuta ya msaada na zile mbaazi za njano, wakabadilishana na ndizi zetu na viazi vitamu. Kwetu watoto mbaazi za njano zilikuwa chakula cha sherehe, na wao walikuwa wamezichoka kabisa, wakitushangaa tunavyozililia. Lugha yao, Kirundi, na Kihangaza chetu zinasikilizana, kwa hiyo sokoni hapakuwa na shida ya kuelewana. Shida ilikuwa kuaminiana. Ng'ombe akipotea, watu walitazama upande wa bondeni kwanza, ndipo watafute.

Shangazi, aliyenilea, alikuwa na kilabu cha pombe ya ndizi pale senta. Pembeni alijenga kibanda cha bati, akaweka meza ya puli. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kumenya ndizi na kupiga brashi kitambaa cha meza kabla wateja hawajaja. Mpaka leo nikisikia kitu kigumu kikigonga kigumu mwenzake, pua yangu inaleta harufu ya maharage yanayochemka na ya chaki. Wateja walipogombania fimbo, shangazi alikuwa na neno lake moja tu: "Meza haina kabila, ina zamu." Akishalisema, amemaliza.

Mtoto wake wa kwanza, mimi namwita kaka, ndiye aliyekuwa bingwa wa meza ile. Lakini puli haikuwa ndoto yake. Ndoto yake ilikuwa usukani. Kulikuwa na dereva mmoja wa malori ya chakula cha kambini aliyependa kula ndizi na maharage kwa shangazi, na alikwisha kumwahidi kaka kwamba mavuno yakiisha atamchukua awe utingo wake, amfundishe gari. Kaka alikuwa akibadilisha gia hata akiwa amekaa kwenye kinu.

Mtu pekee aliyeweza kumfunga kwenye puli alikuwa kijana wa kambini. Alikuja siku za gulio akiwa na kibali chake mfukoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa mlokole. Hakunywa, hakuvuta, na alipokuwa akipaka chaki fimbo yake aliimba pambio kwa chini, watu wakacheka, naye akacheka nao. Walianza kama washindani, wakawa marafiki. Ndiye aliyemfundisha kaka habari ya macho.

Alimwambia anyooshe mkono, dole gumba lifunike msalaba wa kanisa ng'ambo ya barabara, macho yote mawili wazi. Kisha afunike jicho moja, halafu la pili. Kwa jicho moja dole lilibaki juu ya msalaba, kwa lingine liliruka pembeni.

"Umeona? La kulia ndilo kiongozi," alisema. "La kushoto ni utingo. Fimbo inatakiwa ipite chini ya kiongozi. Wewe unaiweka katikati ya kidevu kama unapiga picha ya pasipoti."

Kaka akasogeza kichwa kidogo, na kuanzia siku ile hata mwalimu wake huyo hakumfunga tena. Mimi nilijaribu na dole langu nyuma ya nyumba mpaka mkono ukauma.

Sasa nikuambie lililotokea. Kwetu anayekupa pombe huonja kwanza mbele yako. Hata ndugu yako wa tumbo moja, hata mama yako. Anavuta mrija, anameza, ndipo anakupa. Watu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa radi, na lile funda moja la kwanza ndilo salamu yenyewe. Gulio moja yule rafiki alifika na kibuyu cha pombe. Kilikuwa shukrani kutoka kwa mama mmoja jirani yake kambini, ambaye kaka alimbebea mzigo kwa baiskeli. Rafiki alikileta, akakiweka mikononi mwa kaka. Hakuonja. Angeonjaje, mlokole yule? Kaka alicheka, akanywa. Wanaume waliokuwa pale waliona.

Siku chache baadaye kaka alipura maharage peke yake nyuma ya nyumba. Alirudi ameshika jicho la kulia, linatoa maji. Shangazi akamuuliza, akasema ni vumbi. Kesho yake jicho lilikuwa jeupe kama kawaida, halina hata wekundu, na hakuna aliyeuliza tena.

Lakini mezani alikuwa ameharibika. Mpira ulionyooka na shimo, ambao hata mimi ningeutumbukiza, aliukosa, na kila mara aliukosa upande uleule. Alibadilisha fimbo. Alifuta chaki akapaka upya. Watu walianza kwa kutania, "Bingwa, leo mashimo yamehama?" Kisha utani ukakauka. Mtu akakumbuka kibuyu. Wa pili akasema na yeye aliona kabisa kwamba yule kijana hakuonja. Kufikia gulio lililofuata senta nzima ilikuwa inajua kwamba kaka amelishwa kitu, na kwamba aliyemlisha ndiye aliyekuwa akitaka ubingwa. Kaka aliyasikia yote hayo. Aliendelea kupaka chaki fimbo yake.

Rafiki alifika mchana kama kawaida, hajui lolote.

"Shikamooni wazee."

Hakuna aliyeitikia. Dereva alikuwa akila pembeni. Nilikuwa na maji yake ya kunywa mkononi, nikabaki nimesimama nayo.

Mwenyekiti wa kitongoji akasukuma kibuyu mbele. "Leo wewe utaanza kunywa," akasema. "Kile cha siku ile hukuonja. Onja hiki."

"Mzee, mimi pombe sinywi. Mnajua."

"Mlokole anayeleta pombe asiyoijua ladha," akasema mtu mmoja kutoka kwenye benchi. "Huyo ni mlokole wa aina gani?"

"Sikiliza, mwanangu," mwenyekiti akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliniogopesha. "Kunywa, tujue moyo wako ni safi. Ukikataa, mgambo atakurudisha kambini, na hicho kibali hutakiona tena. Na huko tutasema sababu."

Sababu hiyo ikisemwa, wewe unajua maana yake. Mtu aliyeitwa mlishaji sumu hapati jirani popote, awe kambini au kwao ng'ambo ya mpaka.

Shangazi akasema kutoka jikoni, "Msimlazimishe mtoto wa watu kilabuni kwangu." Mwenyekiti akakisogeza kibuyu karibu zaidi.

Yule kijana alikitazama kibuyu, akamtazama kaka. Akasema, "Naomba kwanza apige mpira mmoja. Nimuone."

Wakamruhusu. Kaka akainama, akapiga, akakosa. Rafiki hakutazama mpira. Alikuwa amechuchumaa mbele ya meza akimtazama kaka usoni.

"Nyoosha mkono," akamwambia. "Funika msalaba."

Kaka akanyoosha taratibu. Rafiki akamfunika jicho la kulia kwa kiganja chake mwenyewe. "Dole liko wapi?"

"Lipo palepale."

Akamfunika la kushoto. "Na sasa?"

Dole la kaka likahama huku na huku, likiutafuta msalaba.

"Siku ile ya kwanza kiongozi alikuwa wa kulia," rafiki akawaambia wazee. "Hata yeye anajua. Leo ni wa kushoto. Jicho haliachi uongozi bila sababu." Kisha akamgeukia kaka, sasa kwa Kirundi, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: ni nini kimelipata jicho lako?

Dereva alikuwa ameacha kula. Kaka alimtazama dereva kwanza. Hata mimi mtoto nilielewa anachopima: akisema, usukani umekwenda, akinyamaza, rafiki ndiye anakwenda.

"Ni ganda la maharage," kaka akasema. "Lilinipiga nikipura. Kwa jicho hili naona ukungu tu. Sikulishwa kitu."

Mwenyekiti alikishusha kile kibuyu, akakisukuma chini ya benchi kwa mguu. Hakuomba radhi, wazee wa kwetu hawaombi radhi kwa vijana. Alisema tu, "Marahaba," akaijibu ile shikamoo iliyokuwa imekaa pale muda wote bila mwenyewe.

Rafiki alimpa kaka fimbo. "Sogea kulia. Bado. Fimbo ikae chini ya jicho la kushoto. Shingo itakuuma wiki nzima, usiisikilize." Kaka akalaza kichwa kwa namna ambayo ungedhani anasikiliza kitu ndani ya meza. Mpira wa kwanza ukakosa. Wa pili ukaingia. Dereva alinawa mikono, akamshika kaka begani na kusema, "Barabarani hakuna zamu, mdogo wangu, panataka macho mawili. Pole." Hakurudi tena kuzungumzia utingo.

Shangazi alimpeleka kaka hospitali, wakaambiwa wamechelewa. Mpaka leo anaishi na kichwa kimelala kidogo, na wageni hudhani anawadharau.

Kambi ilipofungwa, watu walirudishwa kwao kwa mabasi. Bondeni sasa kuna mashamba na miti iliyopandwa, ukipita huwezi kujua kwamba pale palikuwa na shule, masoko na makaburi. Watoto wa senta ya leo hawajui ladha ya mbaazi za njano, na nikiwasimulia wanadhani natunga. Sijui yule kijana alipata shamba huko alikokwenda, au meza ya puli, au mtu wa kumwitikia salamu. Jina lake lilibaki safi kwetu, hilo nalijua. Na ninajua lilinunuliwa kwa kitu gani.

Siku ya safari yao tulikwenda barabarani, mimi na kaka. Hatukujua yuko basi lipi, na vioo vilikuwa na vumbi. Kaka alilaza kichwa, akapungia kila basi mpaka la mwisho. Anasema alimwona. Mimi nilikuwa nimesimama upande wake wa kulia, nalia, naye hakujua.