Chupa ya Jani na Chupa ya Samaki

Mzee wangu alipoanza kuniuliza mimi ni mke wa nani, wajukuu wangu wawili walikuja na dawa za ubongo. Nasema kwa kujivuna, wajukuu ninao. Wa kike anapika kwenye loji, hoteli ya watalii. Alileta chupa yenye picha ya jani. Wa kiume anapeleka watalii kreta kuona wanyama. Yake ilikuwa na vidonge laini vya njano, vinang'aa kama macho ya paka.

"Bibi, hii ya jani inapeleka damu kichwani."

"Majani hata mbuzi wanakula," kaka yake akamcheka. "Mbona hawajawa maprofesa? Wazungu wangu wote wanameza hii yangu."

"Ndiyo maana wanasahau kofia kwenye gari lako!"

Wao walicheka. Mimi nilitia chupa zote kikapuni, nikapanda bodaboda kutoka Rhotia hadi duka la dawa Karatu mjini. Kusoma kwangu ni kwa kuungaunga, lakini kuuliza najua.

Nikamweleza binti wa duka ni za mume wangu anayesahau. Alizigeuzageuza. "Mama, mzee anatumia dawa gani?"

Nikamwambia ya kufanya damu iwe nyepesi, tangu mguu wake ulipovimba. Akaisukuma ya jani pembeni.

"Hii usimpe kabisa, anaweza kuvuja damu. Hii nyingine ni mafuta ya samaki. Kimoja kwa siku, usizidishe. Ila sikudanganyi, mama, kumbukumbu hairudishi. Mpeleke hospitali wampime."

"Nitampeleka. Lakini ipi afadhali?"

"Kwa mzee wako? Samaki."

Samaki! Mume wangu ni mtoto wa wafugaji wa Nainokanoka. Kwao samaki ni ndugu wa nyoka. Nikiwa bi harusi nilikaanga dagaa. Alitupa nje dagaa na sufuria yake, akaenda kulala kwa jirani. Sijawapika tena.

Ningeweza kunyamaza, kidonge hakina harufu. Lakini nilitaka agome. Nilitaka ateme, anitukane kwa Kimaasai, nijue bado yumo humo ndani.

"Ni mafuta ya samaki," nikamwambia kwa sauti nilipofika nyumbani, nimeshika kidonge na kikombe cha maji. "Samaki, umesikia?"

Akameza. Akanywa maji yote, akajifuta mdomo kwa adabu ya mgeni.

"Asante, mama. Hapa kwako mnakula samaki?"

"Hatuli. Mume wangu hataki hata kuwaona."

"Basi mheshimu," akasema, akanirudishia kikombe.